Kabla ya Vita Baridi kulikuwa na sahani ya chakula

SEHEMU YA 1



Baada ya ile posti ya chakula dawa na utepe wa kupima mkono wa mtoto, mama mmoja aliuliza: hivi nani alianza haya mambo ya kupima watoto, kuwapa kadi na kuwagawia chakula kwa mpango? Nilidhani nitajibu kwa mistari mitano. Nikaanza kusoma, nikajikuta kwenye siasa za dunia. Kwa hiyo wiki hii tunakwenda Ulaya, mwaka 1918 hadi 1923. Vumilieni, watoto wamo mwanzo mpaka mwisho.

Shuleni tulifundishwa kwamba Marekani na wenzake walianza kuupinga ukomunisti baada ya Vita Kuu ya Pili: Truman, Vita Baridi, mabomu ya nyuklia. Ni kweli, lakini siyo mwanzo. Mwanzo ni mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza. Na silaha ya kwanza iliyofanya kazi haikuwa bunduki. Ilikuwa unga, mafuta ya kupikia na maziwa ya kopo. Mwenye stoo ya chakula aliamua mji gani ule na mji gani usubiri, na sababu aliyoitoa ilikuwa ukomunisti.

Tuanze na hali yenyewe. Novemba 1917 Wabolsheviki wa Lenin walichukua serikali Urusi. Machi 1918 wakatia saini mkataba na Ujerumani wakatoka vitani. Uingereza, Ufaransa na Marekani wakakasirika, maana Wajerumani sasa walikuwa na nafasi ya kuhamishia majeshi upande wao. Wakapeleka askari ndani ya Urusi. Marekani peke yake ilipeleka kama 5,000 kule Archangel, kaskazini kwenye barafu, na zaidi ya 8,000 Siberia.

Sababu iliyotangazwa ilikuwa kulinda silaha na mali za vita. Lakini vita ikaisha tarehe 11 Novemba 1918, na vijana hawakurudi nyumbani. Siku ileile ambayo Paris na London watu wanacheza barabarani, askari wa Kimarekani walikuwa wanapigana na Wabolsheviki kwenye kijiji kinaitwa Tulgas. Wengi wao walitoka Michigan. Wazazi wao wakaanza kusaini barua kwenda bungeni: vita imeisha, wanetu wanafanya nini kule? Jibu la kueleweka halikuwepo. Wa Archangel waliondolewa katikati ya 1919, wa Siberia mwezi Aprili 1920, na Wabolsheviki walikuwa bado wako madarakani.

Yaani bunduki ilijaribiwa, ikashindwa. Kesho nawaambia kilichofuata. Naingia zamu.


SEHEMU YA 2

Tuendelee.

Majira ya baridi ya 1918 kuingia 1919, nusu ya Ulaya ilikuwa na njaa. Mashamba yamekanyagwa, farasi wamechukuliwa na jeshi, reli zimevunjika. Na kuna jambo ambalo wengi hatukuambiwa: meli za kivita za Uingereza ziliendelea kuizuia Ujerumani kupokea shehena hata baada ya vita kusimama. Chakula kilianza kuruhusiwa kidogo Machi 1919, na kizuizi chenyewe kikaondolewa Julai. Hesabu miezi. Mtoto aliyezaliwa siku bunduki ziliponyamaza alikuwa na miezi minne kabla shehena ya kwanza haijaruhusiwa. Mama yake alikuwa ananyonyesha akiwa anakula nini?

Humohumo kwenye njaa, mapinduzi. Januari 1919 wakomunisti wa Berlin waliingia barabarani. Machi wakachukua Hungary. Aprili wakachukua Bavaria. Viongozi waliokaa Paris kuandika mikataba ya amani wakawa na hofu moja: ugonjwa wa Urusi unaambukiza. Ndivyo walivyousema, kama ugonjwa. Na walipotafuta chanzo cha maambukizi, wengi wakakubaliana kwamba ni tumbo tupu.

Januari hiyohiyo Rais Wilson aliliomba Bunge lake dola milioni 100 za chakula kwa Ulaya. Hoja yake ilikuwa kwamba Ubolsheviki unasogea magharibi, nguvu ya jeshi haiwezi kuuzuia, lakini chakula kinaweza. Nilipofika hapo niliweka simu chini kidogo. Rais wa nchi kubwa anawaambia wabunge wake kwamba uji ni ulinzi wa taifa! Bunge likapitisha fedha Februari 24. Likaweka na sharti: fedha hizi zisiende kwa waliokuwa maadui, yaani Ujerumani, Austria, Hungary na Bulgaria. Hata watoto wao.

Aliyepewa kazi anaitwa Herbert Hoover. Mkumbukeni huyu, tutakuwa naye mpaka mwisho. Mhandisi wa migodi, alipata utajiri mapema, lakini baba yake alikufa akiwa na miaka 6 na mama yake akiwa na miaka 9. Alilelewa na ndugu, katika ukoo wa Waquaker, wale Wakristo wasiopigana vita. Wakati wa vita aliendesha mpango wa kuilisha Ubelgiji iliyotekwa na Wajerumani, mamilioni ya watu, kwa miaka. Kwa hiyo alijua meli, alijua reli, alijua ghala. Sasa akapewa Ulaya nzima, kupitia shirika lililoitwa American Relief Administration. Watu waliliita ARA.

Hoover aliuchukia ukomunisti kwa moyo wote. Lakini Machi 1919 alimwandikia Wilson kwamba kupeleka majeshi Urusi ni kosa, kwamba watu hawawi Wabolsheviki bila sababu, wamebanwa na njaa na dhuluma ya miaka mingi. Ushauri wake: usiitambue serikali yao, usipigane nao, wapelekee chakula, kwa masharti. Mvumbuzi wa Norway, Fridtjof Nansen, alikubali kuusimamia mpango huo, na wakubwa wanne waliokaa Paris wakauridhia mwezi Aprili. Sharti kuu lilikuwa Wabolsheviki waache kupigana, na usafirishaji uwe chini ya uangalizi. Wabolsheviki wakasema kusimamisha vita ni jambo la siasa, hilo hatulijadili pamoja na chakula. Mpango ukafa. Njaa ya Urusi ikaachwa, nayo ikaendelea kukua.


SEHEMU YA 3

Leo nataka mkae na miji miwili. Vienna na Budapest. Iko kwenye mto mmoja, Danube, na kabla ya vita zote zilikuwa chini ya mfalme mmoja.

Vienna, watu kama milioni mbili, ilikuwa mji mkuu wa himaya kubwa. Himaya imevunjika, mashamba yaliyoulisha sasa yako nchi nyingine, makaa ya mawe nayo hivyohivyo. Hoover alizunguka lile sharti la Bunge: Marekani ikawakopesha Uingereza, Ufaransa na Italia, nao wakatoa chakula kwa Austria. Kumbe sheria ikikaza mlango wa mbele, mwenye nia anatafuta wa nyuma.

Ila chakula kilikuja na onyo. Wakati wakomunisti wa Vienna walipokuwa wanajipanga kuiga Budapest, kuta za mji zikabandikwa matangazo: vurugu yoyote ikitokea, shehena za chakula zitasimama. Mama wa Vienna anasoma tangazo hilo akiwa kwenye foleni ya mkate. Mapinduzi hayakutokea.

Budapest ndiyo iliyofanya. Tarehe 21 Machi 1919 mkomunisti Béla Kun alichukua serikali. Vizuizi vya Washirika dhidi ya Hungary vikabaki palepale, na treni za chakula zilizokuwa zinapita kwenda kwingine hazikusimama kwao. Utawala wa Kun ulikuwa mbaya, tusimpambe. Aliwapora wakulima, wakaacha kupeleka mazao mjini. Alikuwa na vikosi vya kutisha watu. Jeshi la Romania likamvamia. Alidumu siku 133 tu, akakimbia Agosti 1. Hapo ndipo msaada ukaanza kwenda Budapest.

Mtu wa Hoover katika eneo hilo aliitwa T. T. C. Gregory, mwanasheria kutoka California. Mwaka 1921 aliandika kwenye jarida moja la kwao akijisifu jinsi chakula kilivyotumika kumng'oa Béla Kun. Kujisifu huku kutakuja kuwatokea puani, mtaona.

Mimi nimeshika watoto wenye utapiamlo mkali. Mtoto wa miezi 11 mwenye kilo tano hana chama. Kwa hiyo sijui kusoma habari za Budapest kwa utulivu kama wanavyoziandika wanahistoria, wanaojadili kama mkakati ulifaulu au haukufaulu. Kwa hesabu za siasa ulifaulu. Mtoto wa Budapest wa Mei 1919 alikaa na njaa saa chache tu kwa treni kutoka mji ambao mwenzake alikuwa anapewa kakao yenye maziwa.


SEHEMU YA 4

Mmenijaza komenti jana. Leo tupumzike na kitu kizuri, na ndipo jibu la swali la yule mama lilipo.

Chakula cha watoto Vienna kilisimamiwa na daktari wa watoto Clemens von Pirquet. Jina hamlijui lakini kazi yake mnaitumia. Neno "aleji" alilibuni yeye, mwaka 1906. Kile kipimo cha TB cha kuweka dawa kwenye ngozi ya mkono na kusubiri kama patavimba, chanzo chake ni yeye.

Pirquet alikuwa na tatizo ambalo kila muuguzi wa kliniki analijua: watoto wengi, chakula kidogo, nani ale kwanza? Ukimwachia mwalimu au mwenyekiti wa mtaa, atawapa wa kwao. Akatengeneza kipimo. Mtoto anapimwa uzito na urefu akiwa amekaa, siyo amesimama, halafu hesabu inatoa namba moja. Namba ikiwa chini, unakula. Ikiwa juu, unasubiri. Haijalishi baba yako alipigana upande gani. Chakula chenyewe alikihesabu kwa kukilinganisha na maziwa: gramu moja ya maziwa ndiyo ilikuwa kizio chake. Hesabu yake ilikuja kukosolewa na leo hatuitumii, ila wazo la kumpima mtoto badala ya kumuuliza ni wa nani ndilo lililo kwenye kadi yako ya kliniki.

Humohumo Vienna, mwanasayansi wa Uingereza Harriette Chick na wenzake walifanya kazi na watoto wa kliniki ya Pirquet waliokuwa na ugonjwa wa mifupa laini, ule unaopinda miguu ikawa matege. Wakaonyesha kwamba mafuta ya ini la samaki, au mwanga wa jua, vyote vinaponya. Kwa hiyo nikikuambia mtoe mtoto juani asubuhi, mjue kuna watoto wa Vienna nyuma ya maneno hayo.

Na London, mwaka huohuo 1919, Eglantyne Jebb alikamatwa na polisi Trafalgar Square kwa kugawa karatasi zenye picha ya mtoto wa Austria aliyekondeana. Kosa? Karatasi hazikupitishwa na serikali. Akatozwa faini ya pauni 5. Mwezi Mei yeye na dada yake wakaanzisha Save the Children, na watu wengine walikuja kwenye mkutano ule wakiwa wamekasirika kwamba anataka kulisha watoto wa adui. Nampenda huyu mama, ingawa hakuwa na mtoto wa kumzaa.


SEHEMU YA 5

Hii ndiyo sehemu ndefu. Laza watoto kwanza.

Mwaka 1921 mvua ziligoma bonde la mto Volga. Ukame peke yake usingeua watu kiasi kile. Kwa miaka mitatu askari wa Lenin walikuwa wanaingia vijijini kuchukua nafaka kwa nguvu ili kulisha jeshi na miji, mpaka mbegu. Mkulima akaona kulima sana ni kulima kwa ajili ya wengine, akalima kidogo. Ukame ulipokuja, ghala hazina kitu. Watu kama milioni tano walikufa kwa njaa na magonjwa. Kuna mambo yaliyotokea Samara ambayo sitayaandika hapa, wengine mnasoma mkiwa mnanyonyesha.

Julai 1921 mwandishi Maxim Gorky aliiomba dunia mkate na dawa. Aliyejibu haraka ni Hoover, ambaye sasa alikuwa waziri wa biashara wa Marekani. Masharti yake: wafungwa wa Kimarekani waachiwe, watu wake watembee huru, na chakula wagawe wenyewe bila kuangalia dini, kabila wala siasa. Mazungumzo yakafanyika Riga, Latvia.

Na sasa yale majisifu ya Gregory yakafika mezani. Warusi walikuwa wameyasoma. Wakajua kilichotokea Budapest. Mjumbe wao, Maxim Litvinov, aliwakumbusha Wamarekani kwamba chakula ni silaha, na kwa kweli walikuwa hawana cha kubisha, mwenzao keshaandika gazetini! Walibishana kwa siku nyingi juu ya nani ataamua jiko lifunguliwe wapi. Wakasaini Agosti 20. Kila upande ulimwogopa mwenzake, lakini walisaini.

Jiko la kwanza lilifunguliwa Petrograd mwezi Septemba. Mtoto alipata mkate, wali au maharage, kakao yenye maziwa ya kopo na sukari. Na kulikuwa na kanuni ambayo sisi wa wadi ya lishe tunaielewa: mtoto anakula hapohapo, hakuna kubeba nyumbani. Wanaojua watanielewa. Unampa mama chakula dawa cha wiki, ukienda nyumbani unakuta pakiti zimegawanywa kwa watoto wanne, na siyo kwamba mama ni mbaya, ni kwamba ana watoto wanne. Tatizo la Urusi lilikuwa baridi. Watoto wasio na viatu hawakuweza kutembea kwenye theluji kufika jikoni, ikabidi mavazi nayo yaingie kwenye mpango.

Ilipofika Desemba Bunge la Marekani lilitoa dola milioni 20 za kununua mahindi na mbegu. Huruma ilikuwepo, lakini na mahindi yalikuwepo: bei ilikuwa imeanguka mpaka wakulima wa Iowa wanayachoma kama kuni. Hoover hakuona ubaya kuua ndege wawili kwa jiwe moja. Meli zikafika mwanzoni mwa 1922, na wakulima wengi wa Volga hawakuwa wamezoea kupika mahindi, ikabidi wafundishwe. Mama zetu wanaokumbuka unga wa njano wa Marekani miaka ya 1970, ule uliobatizwa "Yanga", muwaulize jinsi watu walivyoukunjia uso mwanzoni. Njaa ikazidi, ukaliwa.

Kulikuwa pia na kuponi ya dola 10. Ndugu aliyeko Chicago ananunua, na jamaa yake Urusi anaenda ghala la ARA kuchukua unga, mchele, chai, sukari, mafuta na makopo 20 ya maziwa. Ni kama kutumiwa hela kwa simu, ila unatoa unga.

Kwa upande wa dawa, adui alikuwa taifasi. Siyo taifodi mnayoijua, msichanganye. Taifasi ya aina ile inaletwa na chawa, na watu wakikimbia njaa wakajazana stesheni za treni, chawa anasafiri bure. Wamarekani walileta sabuni, dawa za hospitali, chanjo kwa mamilioni ya watu, wakatengeneza mabafu na mitambo ya maji. Hospitali za Volga zilikuwa hazina hata shuka. Baadhi yao nao waliugua taifasi.

Agosti 1922 zaidi ya watu milioni 10 walikuwa wanakula kwa siku, watoto na watu wazima. Wamarekani wenyewe walikuwa kama 300 tu. Kazi ilifanywa na Warusi wapatao 120,000: walimu, wapishi, makarani, wauguzi. Polisi wa siri waliwafuatilia hao Warusi, na baadhi wakakamatwa. Hawa ndio hawatajwi kwenye historia. Muuguzi wa Kirusi aliyepima watoto Kazan kwa ujira wa chakula, huku akijua kesho anaweza kuulizwa kwa nini anafanya kazi na mabepari, ndiye mtu wangu katika kisa hiki kizima.


SEHEMU YA 6, ya mwisho

Mmeuliza: kwa nini mtu anayeuchukia ukomunisti alishe nchi ya wakomunisti?

Hoover aliamini Mrusi akishiba na akiona Wamarekani wanavyofanya kazi, atawakataa Wabolsheviki mwenyewe. Hapo alipotea. Mtu aliyeshiba hakuiangusha serikali, alirudi shambani. Kuna wanaosema chakula kile ndicho kilichomwokoa Lenin, na huenda kuna ukweli. Tena mwisho wa 1922, huku Wamarekani bado wanalisha watoto, serikali ya Urusi ikatangaza kuuza nafaka nje ili ipate fedha za mashine. Wafadhili wa Marekani wakakasirika, michango ikakauka, ARA ikafunga kazi 1923.

Siku za kuaga, Lev Kamenev alitia saini hati ya shukrani kwa Hoover na ARA kwa jina la watu wa Urusi, kwamba hawatasahau. Baadaye vitabu vya Kisovieti viliandika kwamba ARA ilikuwa ya kijasusi. Marekani nayo haikuitambua serikali ile mpaka Novemba 1933. Miaka miwili unalisha watu wa serikali ambayo kwa karatasi zako haipo.

Vita Kuu ya Pili ilipoisha, njaa ikarudi, na hofu ya ukomunisti ikarudi nayo. Mwaka 1946 Rais Truman alimwita mzee Hoover, sasa ana miaka 71, akampa ndege azunguke dunia kupima njaa. Machi 1947 Truman akatangaza dola milioni 400 kuzilinda Ugiriki na Uturuki, sehemu kubwa ikiwa silaha. Juni mwaka huo Marshall akatangaza mpango wa kuijenga Ulaya, akisema vita vyao ni dhidi ya njaa, umaskini na kukata tamaa. Wazo ni lile la Wilson la 1919, ila sasa bunduki na unga vilitembea pamoja, na havijaachana hadi leo.

Ujerumani, iliyonyimwa mwaka 1919, safari hii ilipata uji wa shuleni kwa mamilioni ya watoto kuanzia 1947. Wajerumani waliuita kwa jina la Hoover. Baadhi ya wale watoto wazazi wao walikuwa watoto wa ule mwaka wa meli za kizuizi.

Maswali wekeni chini, nitajibu nikitoka zamu. Na yule mama wa swali la kwanza, kliniki ni Jumatano, njoo na kadi.